Koma ya Mtu Aliye Hai

Kadenge alinizika nikiwa hai. Naanza na hilo ili usije ukamhurumia mapema, maana ana sura ya kuhurumiwa, na hata mimi niliyekwenda kumchapa nilijikuta namfuta machozi.

Sisi ni wachawi. Si waganga wa kubandika matangazo kwenye nguzo za stima. Wachawi hasa, wa enzi ambazo watu wetu walikuwa bado wanaishi ndani ya msitu wa kaya, mji wetu wa boma, na Wareno wako kisiwani wakijenga ukuta wao. Tulikuwa vijana wawili tusio na adabu. Katikati ya kaya kulikuwa na chungu cha kinga kilichofukiwa, kinaitwa fingo, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukanyaga mahali pake. Mimi na Kadenge tulikifukua, tukanywa maji yake kwa kupokezana huku tukicheka. Tangu hapo kifo hakituoni. Kinabisha hodi kwa jirani, sisi kinaturuka, na uzee hutujia kwa kuchelewa mno. Tukaapizana kwamba hatutaachana kamwe, na kwa watu wasiokufa maneno hayo si mzaha.

Halafu ikaja njaa kubwa. Niliteremka pwani kutafuta mtama, nikakamatwa, nikavushwa hadi Pemba kulima shamba la mtu. Uchawi wangu haufungui minyororo. Kipawa changu ni ndoto. Basi kila nilipolala nilimwendea Kadenge usingizini nikamlilia: nina kiu, nina baridi, nguo zimenichanikia, njoo unichukue.

Mtu mwingine yeyote duniani angefunga safari. Lakini kwetu sisi, anayekuja ndotoni kuomba maji na nguo ni marehemu. Aliye hai akiwa na shida huja kwa miguu yake. Marehemu akilalamika hivyo hupandiwa koma, kijiti cha mti mgumu chenye kichwa na kiuno, kinachosimikwa ardhini ili awe na makao, aache kutangatanga. Kadenge akanichongea koma nzuri. Akaifunga kitambaa kwa sababu ya baridi yangu, akaimwagia tembo la mnazi kwa sababu ya kiu yangu, akaniambia nitulie. Akafanya kila kitu kama mila inavyotaka. Hakuwaza hata mara moja kwamba fingo tulilinywa pamoja, wala kwamba amempenda mchawi wa ndoto, na mchawi wa ndoto huenda anatumia ndoto.

Kufa sikufa, lakini kuishi vizuri pia sikuweza tena. Siku ile ile chakula kiliniishia ladha mdomoni. Mbwa waliacha kunibwekea. Na watu wakaanza kunisahau: ukikutana nami utaniona, tutasema, tutacheka, lakini ukilala ukaamka huna habari kama uliwahi kuniona. Bwana shamba wa Pemba aliamka asubuhi hakumbuki kwamba ana mtumwa anayeitwa Mbeyu, nikatoka zangu mlangoni mchana kweupe. Hilo namshukuru Kadenge. Ni hilo tu. Niliporudi nyumbani yeye alikwisha kuhama, na mama yangu mzazi, aliyekwisha kunililia akabaki na kumbukumbu ya marehemu tu, alinikaribisha kama mgeni kila asubuhi, akinisifu kwamba nafanana na marehemu mwanawe, mpaka naye akafa.

Tangu hapo nimemtafuta. Karne tatu si kitu cha kusimulia. Ni kutembea na kuuliza watu ambao kesho yake hawakukumbuki. Nilipata mwenzangu mmoja tu njiani, mchawi wa Ribe aitwaye Nyale. Naye walimpandia koma akiwa hai, mume alimdhani amezama, na tangu hapo hakuzeeka tena. Nyale peke yake ndiye aliyeamka asubuhi akaniita kwa jina. Wafu hawasahauliani, ndivyo tulivyogundua. Tuliishi pamoja kama dada kwa miaka mingi, kule Bamburi kabla machimbo hayajawa mashimo ya maji. Siku moja tingatinga likang'oa koma yake huko kwao likisawazisha kiwanja, nilikuja kuambiwa baadaye. Tulikuwa tunachambua mchicha. Aliniangalia kama mtu aliyeitwa, kisha miaka yake yote ikamwangukia mara moja, na kwenye mkeka pakabaki leso na vumbi. Koma iking'olewa ndivyo inavyokuwa. Nimeiona kwa macho yangu na sitaki kuiona tena.

Sasa jambo ambalo naona haya kulisema. Kila Kadenge alipoimwagilia koma yangu, mahali popote nilipokuwa, ladha ya mnazi ilinijaa mdomoni. Hiyo ndiyo ladha pekee niliyokuwa nayo maishani. Nilimchukia, na niliisubiri. Pamoja na ladha zilinijia sauti za pale koma iliposimama, ila zilikuwa ndege na majani tu, na kuanzia Rabai hadi Kaloleni ndege na majani ni vile vile. Lakini mji una kawaida ya kuhamia watu. Mwaka huu nilikuwa Utange nafua nguo za mama mmoja, kibarua cha siku moja ndicho kinachonifaa, mara mdomo ukanijaa soda ya machungwa. Soda! Nikaacha nguo kwenye beseni. Masikioni nikasikia honi ya treni, ile ndefu, na breki za malori. Vitu hivyo viwili viko mahali pamoja tu. Nikajitanda leso yangu nikaenda Miritini.

Nilimkuta kando ya barabara, kwenye kibanda cha mabati wanakoegesha malori, amechuchumaa anaziba panchari. Nywele zake nyeusi ti, kapaka piko. Wazee wengi siku hizi hupaka, kwa sababu vijana wakiona mvi tu huita uchawi na kushika mapanga. Ila huyu alikuwa anaficha uchawi wa kweli.

"Kadenge wa Nguma," nikamwita.

Akainua kichwa. Chuma kikamponyoka. Nikadhani sasa atanikumbatia. Badala yake akakimbilia ndani, akatoka na unga wa kutulizia wafu kiganjani, akaunyunyiza miguuni pangu.

"Tulia, Mbeyu wangu, tulia," akasema. "Wataka nini? Kinywaji au nguo? Soda haikukupendeza? Niwie radhi, mnazi siku hizi wanaukamata."

"Nataka kukuchapa," nikamwambia. "Na soda yako ni tamu mno."

Nikamchapa kweli, kofi moja la shavu. Alipousikia mkono wangu ulivyo na joto aliushika, akauweka shavuni pake, akaketi juu ya tairi. Nikamweleza yote pale pale: Pemba, ndoto, mama. Alilia kwa sauti hadi utingo mmoja akaja kuuliza kama mzee amefiwa.

"Nilidhani umekufa," alirudia. "Wallahi, Mbeyu, uliomba nguo."

"Niliomba nguo kwa sababu sikuwa na nguo!"

Akanipeleka nyuma ya kibanda. Koma yangu ilikuwa imesimama kati ya ukuta wa ghala na uwanja wa malori, imeliwa na jua, kitambaa kipya kiunoni. Alikuwa ameizungushia matairi makuukuu yaliyojazwa udongo ili lori lisiikanyage. Ndiyo sababu alijifunza kazi ya tairi, akaniambia. Walipoleta malori majuzi, ilibidi awe na shughuli ya kumweka hapo. Kabla ya malori alikuwa mgema, kabla ya hapo mchungaji wa mbuzi, na kila watu walipoanza kushangaa kwamba hazeeki alijitia kuhama, akajificha vichakani hapo karibu, akarudi baadaye na jina jingine. Sasa kanisani wanamwita Mzee Matthew. Miaka yote hiyo hakuwahi kulala mbali na kile kijiti. Hasira yangu niliyoitunza vizuri namna ile ilianza kunitoka, nami sikupenda.

Mchana akaja Purity na sufuria ya wali na samaki wa nazi. Ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mjamzito wa kuonekana, mchangamfu, anayetembea kama barabara ni yake. Kadenge alimwokota akiwa mchanga kwenye mlango wa kanisa, akamlea.

"Shikamoo, mama. Baba, mbona macho mekundu?"

"Moshi, mwanangu."

"Moshi wa tairi utakuua. Na leo usile nusu umpe mbwa, nitajua." Akanigeukia akicheka. "Mwangalie, mama, ni kama mtoto."

Alipoondoka Kadenge alimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona. Niliona.

Nilimwambia kuhusu kusahau. Hakuamini. Aliapa kwamba hatalala, na kweli alijitahidi, mzee wa watu, tulizungumza hadi tukarudia mambo ya utotoni mara mbili mbili. Alfajiri usingizi ukamwiba akiwa ameegemea bega langu. Alipofumbua macho aliniona, akaruka, akakimbilia unga.

"Tulia, Mbeyu wangu, tulia. Wataka nini? Kinywaji au nguo?"

Nimeishi na wasiwasi wa kila namna, lakini sijawahi kuumia kama asubuhi ile. Nilimweleza tena kila kitu, naye akalia tena kama hajawahi kulia. Siku iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Kila siku nilikuwa mzimu mpaka saa ya chai, mke mpaka jioni, na kesho yake mzimu tena. Asubuhi nyingine nilisimama ng'ambo ya barabara nikimtazama anavyofungua kibanda, nikajiuliza kama nina nguvu za kumwona analia tena. Lakini kumwacha siwezi. Nilikwisha kukaa bila yeye, najua kulivyo.

Siku moja, baada ya kilio cha asubuhi, aliniuliza swali ambalo siku nyingine zote hakuliuliza.

"Hakuna hata mtu mmoja asiyekusahau?"

"Alikuwepo Nyale. Amekufa."

"Kwa nini yeye hakukusahau?"

Nikafanya kosa la kumjibu kweli. Nikamweleza koma ya Nyale, na tingatinga, na leso kwenye mkeka. Aliuliza kama yangu nayo iking'olewa nitakuwa vumbi, nikamwambia sijui, huenda fingo litanikinga, lakini sina mwili wa akiba wa kufanyia majaribio.  Lori likaja, akaliziba tairi, likaondoka. Kisha akaingia ndani akatoka na tezo na kipande cha mti mgumu aliokuwa akiutumia kuzuia magurudumu, akaketi, akaanza kuchonga.

"Unafanya nini?"

"Kichwa kwanza," akasema, "halafu kiuno."

Nilimpokonya tezo. Nilimtukana kwa Kirabai cha zamani ambacho hakuna aliye hai anakijua ila yeye. Nilimwambia hajui anachokitaka, chakula kitakuwa majani mdomoni, kanisa litamsahau, Purity atamsahau. Nililirudia hilo la mwisho ili alisikie.

"Purity ana mumewe Tinga," akasema taratibu. "Ana mama mkwe anayempenda. Ana mtoto tumboni. Wewe una nani?"

"Nina hasira zangu."

"Hizo zimekwisha jana au juzi. Sikumbuki, lakini naziona zimekwisha."

Ilikuwa kweli.

"Watoto wangu wote nimewazika, Mbeyu," akaendelea. "Nawalea, wananipita umri, nawazika. Na huyu nitamzika. Afadhali yeye anipoteze bila kilio." Akanyoosha mkono kudai tezo yake. "Lakini mtu hajipandii koma. Sharti apandiwe na anayemlilia. Itabidi unisimike wewe."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kukataa. Mwanamke mwema angekataa. Angeondoka, akamwacha mzee na binti yake, akavumilia soda ya machungwa mara moja kwa mwaka. Mimi niliwaza Purity na tumbo lake na sufuria yake, nikawaza mama yangu aliyenikaribisha kama mgeni. Nilijua vizuri nitakachokifanya kuliko mtu yeyote duniani. Nikampa tezo.

Alipomaliza kuchonga, jua lilikuwa bado juu ya paa la ghala. Alikwenda kwanza kwa Purity. Sijui alimwambia nini. Alirudi na mifuko ya macho imevimba, akasema amekula wali wake wote, hakumpa mbwa hata punje.

Nilichimba kwa mikono kando ya koma yangu, ndani ya matairi. Nikachana upindo wa leso yangu nikaufunga kiunoni mwa kile kijiti, nikamwaga maji kwa sababu soda sikuitaka. Halafu ikabidi nimlilie. Nilidhani itakuwa shida kumlilia mtu aliyesimama mbele yangu anapangusa vumbi magotini. Haikuwa shida. Miaka yote ile ilikuwepo, ikanitoka kwa mkupuo mmoja.

"Kadenge wa Nguma," nikasema, "makao yako ndiyo haya. Tulia."

Akajishika koo. "Nimeonja maji," akasema kwa mshangao. Kisha mbwa wake, aliyekuwa amelala kivulini, akainuka akatupita katikati yetu bila kututazama, akaenda zake barabarani.

Asubuhi Kadenge alifumbua macho akaniangalia. 

"Mbeyu," akasema. "Mbona umekonda leo kuliko jana?" Kisha akacheka, kwa sababu alikumbuka jana, na mimi nilicheka mpaka nikakwaruza koo. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Karne tatu nimetembea kutafuta asubuhi ile, na nilipewa, sitadanganya kwamba sikupewa. Tulikuwa bado tumeshikana tuliposikia hodi.

Alikuwa Purity, kabeba sufuria mikono miwili, anatazama huku na huku kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitika mimi kwa niaba yetu.

"Samahani kuwasumbua. Sijui nimepatwa na nini leo." Akacheka kwa aibu. "Nimeamka nikapika chakula cha watu watatu, na nyumbani tuko wawili, mimi na mume wangu. Halafu miguu ikanileta huku. Labda ni hii mimba. Mtanisaidia kula?"

Kadenge akapokea sufuria. "Ahsante, mwanangu," akasema, naye Purity hakushtuka, kwa sababu mzee yeyote humwita mwanamke kijana mwanangu.

"Nyinyi ni wageni hapa?"

"Ndiyo, mama," akasema Kadenge. "Tumehamia jana."

"Karibuni sana. Hapa pazuri, ila vumbi." Akajishika kiuno, akapumzika. Akamtazama Kadenge kwa muda, paji la uso limekunjana. Kadenge akamwuliza mtoto ataitwa nani.

"Mume wangu ameniachia nimpe jina la upande wangu," akasema. "Lakini nikilitafuta jina la upande wangu silioni. Mimi ni wa kuokotwa. Aliyenilea..." Akasita, akatikisa kichwa. "Walinilea watu wa kanisa, nafikiri."

"Mpe Kadenge," akasema mzee. 

"Kadenge," Purity akalijaribu. Uso ukamchangamka. "Zuri hilo! Nitamwambia Tinga jioni. Nitalikumbuka."

Sijui kama alimwambia. Alilala, akaamka, akaja tena na chakula cha watu watatu, akatuamkia, akauliza kama sisi ni wageni. Kadenge akamtajia jina tena. Humtajia kila asubuhi, na kila asubuhi Purity hulipenda. Tumbo limekwisha kushuka sasa, siku zozote atajifungua. Kadenge hulijua jina langu aamkapo, kama nilivyotaka, lakini hakai kunisikiliza. Huketi mlangoni mwa kibanda, nami nyuma yake, akitazama barabara.